Taa ya Kulia

Wewe uliangalia pembeni. Usigeuke nyuma kutafuta anayeambiwa, ni wewe. Dereva alipotoa gari upande wake, mlimani, mbele haoni na nyuma hajali, ulikamata kiti kwa kucha ukatazama dirishani kana kwamba mashamba ya watu yamegeuka sinema. Ulipofika ukashuka, ukasema Mungu mkubwa, ukaenda zako. Waliopanda gari lile lile jioni yake hawakushuka. Wewe umewasahau. Wapo wasiosahau.

Basi sikiliza habari za mtu aliyeshuka, na kilichomfanya ashuke. Ni habari ya shukrani, lakini usijilaze kwenye kiti. Hata shukrani ina kazi yake.

Alikuwa dereva wa lori la soda. Bohari zima lilimwita Dakika Mbili, kwa sababu ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi, hata kama amebakiza mto na miji miwili, jibu lake ni moja: "Dakika mbili nimefika." Hakuwa mlevi wala mkorofi. Alikuwa dereva mzuri, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Dereva mbaya hujiogopa. Dereva mzuri akishaipita kona mara nyingi bila kuumia, hudhani ni yeye anayejua, kumbe ni kona iliyokuwa ikimsamehe.

Asubuhi hiyo alikuwa anarudisha chupa tupu kiwandani, ng'ambo ya mlima, na kiti cha pembeni kilikuwa na abiria asiyemzoea: mama mkwe wake. Mama alikuja kumtazama binti yake aliyejifungua, akakaa mpaka mtoto akakaza shingo, na sasa anarudi kwake, huko huko ng'ambo. Mabasi yalikuwa yamejaa. Utingo wa Dakika Mbili, mtu mzima mwenye mvi ambaye kila mtu humwita Mjomba, akaachwa bohari kwa kuwa kiti ni kimoja.

Mkewe alisimama mlangoni, mtoto begani.

"Mama nakukabidhi," alisema.

"Unanikabidhi mamako kama kreti?"

"Kreti likivunjika bohari wana jingine. Mimi mama sina mwingine. Umesikia, Baba Kidoti?"

Kidoti ndiye mtoto, kwa ajili ya alama yake nyeusi shavuni. Jina hilo la ubaba lilikuwa jipya bado. Dakika Mbili akiitwa hivyo alijikuta anageuka kumtafuta baba mwenyewe.

Kupanda lori kulikuwa shughuli. Alimwekea mama mkwe kreti chini kama ngazi, kisha akasimama ameutazama ukuta wa jirani, maana mtu na mkwewe, hata kukohoa huomba ruhusa.

"Unaweza kugeuka," mama alisema kutoka juu. "Mkanda uko wapi?"

Mkanda! Akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa kwanza soksi moja ya Mjomba, halafu kitambaa cha kufutia vioo, halafu mkanda wenyewe, mweupe kwa vumbi.

"Kumbe upo," mama alisema.

"Upo, mama. Ila una aibu."

Mama akajifunga, akatoa mkobani sweta ya mtoto aliyokuwa akiifuma, akaanza kazi. Lori likaondoka, chupa tupu zikipiga soga nyuma yao. Kila siku katika barabara ile Dakika Mbili huendesha kwa mkono mmoja, simu sikioni, na huwatukana wenzake matusi ya kuchoma nyasi. Leo mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani kama anayepigwa picha. Simu ililia, akaiacha ilie. Mwenye pikipiki alimkata mbele, naye akasema, "Mungu amwongoze." Mama akamtazama kidogo, akarudi kwenye sweta yake.

Lori lililotoka mbele likawakonyeza kwa taa.

"Huyo anakuambia nini?"

"Kwamba mbele kuna askari wa barabarani, mama."

"Ahaa. Mnapashana habari msikamatwe."

"Tunasaidiana tu, mama."

"Wezi nao husaidiana," mama alisema, akihesabu mishono.

Ikawa hivyo njia nzima. Kila ishara aliulizia. Dakika Mbili, aliyeogopa safari ya kimya cha ukweni, alianza kufurahi kufundisha. Walipolikuta gari la mafuta linajikokota, likawasha taa ya kulia. Akalipita, kisha akawasha taa zake za pembeni zote kwa pamoja, mara moja, akazima.

"Na hiyo?"

"Namwambia asante. Aliniwekea taa ya kulia. Yeye yuko mbele, anaona, mimi sioni. Taa ya kulia maana yake njia nyeupe, pita."

"Jamani! Na mimi nasema madereva hamna adabu." Mama alifurahi kweli. Akafuma mishono kadhaa. "Na huyo huyo akitaka kukata kona kwenda kulia, huweka taa gani?"

Dakika Mbili alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Ya kulia, mama."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa wewe wa nyuma unajuaje kama anakukaribisha au anakuzibia?"

"Mtu anajua tu, mama."

"Mtu anajua tu," mama alirudia polepole. "Baba mkwe wako naye alikuwa anajua tu habari za umeme. Nenda kaangalie ukuta wa sebule, alama ya kisogo chake ipo hadi leo. Siku hizi hata balbu anaitazama kwa mbali, kama ng'ombe wa jirani."

Dakika Mbili alicheka mpaka akasahau kwamba kwa mkwe hucheki meno yote nje.

Mlima ukaanza. Chupa zikaacha soga, zikajisukuma nyuma na kulalamika. Mbele yao palikuwa na lori la mbao, limejaa hadi kupinda, moshi mweusi, mwendo wa mgonjwa. Kushoto ukuta wa mlima, kulia bonde, na kona moja baada ya nyingine. Kiwandani foleni ya kupokea chupa hufungwa mapema, na atakayechelewa hulala getini. Nyuma yake gari dogo jeupe lilikuwa linachungulia, linatoka na kurudi, linapiga honi kama mtoto anayedai kunyonya.

Lori la mbao likawasha taa ya kulia.

Dakika Mbili hakufikiri. Mkono ulishusha gia, mguu ukakanyaga, pua ya lori ikavuka mstari.

"Baba Kidoti."

"Naam, mama."

"Huyu anakata kona?"

"Hapana, mama, kulia ni bonde tupu. Ananiambia nipite."

"Mimi mbele sioni. Wewe unaona?"

Hakuona. Alichoona ni mbao, na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ubao mrefu kuliko wenzake.

"Ameweka taa, mama."

"Sawa. Basi ningoje niweke sindano mkobani. Usiponionea huruma mimi, yaonee macho yangu."

Haikuwa amri. Angekuwa Mjomba kwenye kiti kile, Dakika Mbili angecheka na kukanyaga. Lakini mkwe ni mkwe. Akarudi upande wake, midomo ameikunja, na kwa ile hasira ya mtu anayetii asichokubali akapunguza mwendo kuliko ilivyohitajika, ili mama aone kabisa kwamba ametiiwa. Kati yake na lori la mbao pakafunguka nafasi pana. "Leo tutafika kesho," alijisemea moyoni.

Gari jeupe halikungoja. Likampita likilia, likaanza kulipita na lori la mbao. Ndipo basi lilipotokea konani.

Basi kubwa, limejaa, linateremka. Dereva wake hakukwepa. Angekwepa angekwenda bondeni na watu wake wote. Alisimamia breki, mikono imenyooka, na harufu ya mpira unaoungua ikafika kabla ya kelele. Gari jeupe lilikuwa na mbao upande mmoja na basi mbele. Likafunga breki, mkia ukatikisika, likaachwa nyuma na mbao likiburuzika, likaingia pale pale, katika ile nafasi iliyofunguliwa na hasira. Kioo cha basi kililikwangua ubavu. Likazunguka nusu, magurudumu ya mbele yakatumbukia mtaroni.

Dakika Mbili alikanyaga breki kwa mwili mzima. Makreti yalikuja kugonga mgongo wa kabini, chupa zikapasuka mfululizo. Lori liliposimama, gari jeupe hakuliona; lilikuwa limejificha chini ya pua yake.

Halafu yakasikika maji yakichuruzika mahali.

"Mama?"

Mama mkwe alikuwa ameushika mkanda kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kanga yake kwenye upepo.

"Mimi nitajitazama mwenyewe. Shuka ukamwone yule."

Ndani ya gari jeupe alikuwa kijana mwenye tai, mzima, damu kidogo kwenye paji la uso. Alitoka kwa mlango wa abiria, akasimama, akakaa chini, akasimama tena.

"Taa iliwaka," alisema. "Kaka, si uliiona? Taa iliwaka."

Dereva wa lori la mbao alishuka mbio, tumbo mbele, jasho linamtiririka. "Wewe una wazimu? Nimekuwekea taa kabisa! Nimekuwekea taa ya kulia usipite, nawe unapita!"

"Taa ya kulia ni pita!" kijana alipiga kelele.

"Nani kakuambia? Taa ya kulia ni kaa hapo hapo, kuna gari! Kwetu hata mtoto anajua!"

"Kwenu wapi?"

"Ng'ambo ya mlima!"

Dakika Mbili alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Miaka yote anapanda mlima ule. Miaka yote, watu wa upande huu wanasema pita na watu wa upande ule wanasema kaa, kwa taa moja, kila mtu akiamini ndiyo lugha ya madereva wote wa duniani. Na wote wawili walikuwa wanamsaidia mwenzao! Ule ulikuwa wema. Ni wema uliowafikisha pale, na huko nyuma uliwafikisha wengine mahali pasipo na kurudi, tukasimama makaburini tukaambiwa ni ajali, ni kazi ya Mungu. Mungu hakufunga taa ile kwenye lori.

Mama mkwe alikuwa ameshuka peke yake, bila kreti. Alimfuta kijana damu kwa upindo wa kanga.

"Mnabishania nini?"

"Taa ya kulia, mama," alisema dereva wa mbao, akishusha sauti kwa heshima.

"Kulia ya mkono, au kulia ya machozi?"

Hakuna aliyecheka. Kisha dereva wa basi, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake kichwa kati ya magoti, akaangua kicheko, na abiria wake nao, na mwanamke mmoja akacheka mpaka akawa analia, jirani yake akamshika asianguke. Walikuwa hai. Watu walikuwa wanagusana mabega bila sababu. Mzee mmoja wa basini alimwendea dereva wake, akamshika kichwa kama anambariki, akasema, "Ahsante kwa kutokwepa."

Kijana wa tai alimkamata Dakika Mbili mkono. "Umeniachia nafasi, kaka. Bila ile nafasi mimi sipo. Mungu akulipe."

Mkono ule ulimchoma. "Usinishukuru mimi," alisema. "Mshukuru mama."

"Mimi nilikuwa naweka sindano," mama alisema.

Walilitoa gari mtaroni kwa kulibeba, abiria wa basi pamoja na madereva, wakihesabu kwa sauti na kuinua. Walipoondoka, dereva wa mbao alitangulia, na palipo na uwanja kidogo kando ya barabara akaingia, akasimama, akawapungia kwa mkono wake wa nyama na damu: piteni. Dakika Mbili alipita. Akasimama kwanza, akachungulia mwenyewe, ndipo akapita.

Waliumaliza mlima. Ndipo Dakika Mbili aliposema.

"Mama, asante. Sijui niseme nini. Ningekuwa nimekuua. Na lile basi."

"Asante nimeipokea." Mama alikuwa ameishika sweta bila kuifuma. "Lakini hukunisikia mimi. Uliuona ukwe. Uliona haya. Angekuwa mwingine hapa ungemsikia?"

Dakika Mbili alirudisha macho barabarani.

"Huyu mwenye soksi, yeye hasemi?"

"Mjomba? Husema, mama."

"Husema nini?"

"Husema, 'Acha, hatuoni mbele.'" Akapunguza mwendo. "Kila siku husema."

Mama alirudi kwenye mishono yake. Alikuwa na huruma, na huruma yake siku hiyo ilikuwa kunyamaza. Alipofika kwake alishukia mlangoni, akamwombea dua ndefu barabarani mbele ya majirani, akamkabidhi sweta, mkono mmoja bado haujaisha.

Mkewe alipiga simu. "Mmefika?"

"Tumefika. Mama yuko ndani, anakunywa maji." Akaiweka sweta kitini. "Mama Kidoti, nimekurudishia mamako."

Huko upande wa pili akasikia mke wake anapumua. "Umefanya nini wewe?" aliuliza, na hapo Dakika Mbili akamweleza yote, bila kupunguza, lori likiwa limezimwa.

Siku iliyofuata habari zilimtangulia bohari.

"Karibu Mheshimiwa Mkwe!"

"Jamani, kampuni zinahangaika na vidhibiti mwendo, mwenzetu kafungiwa mama mkwe!"

"Mwazime, na mimi nina safari!"

Dakika Mbili aliwaacha wacheke. Alikuwa anamtafuta Mjomba, akamkuta anafagia vigae vya chupa nyuma ya lori.

"Mjomba, nimekuja kukushukuru."

"Mimi? Mimi sikuwepo."

"Kwa siku zote ulizokuwepo."

Mjomba aliendelea kufagia. "Nimekuambia mpaka mate yamenikauka. Mama wa watu kasema mara moja, tena kasingizia sindano." Akaegemea ufagio. "Ningejua dawa ni ukwe, ningekuoza binti yangu zamani."

Bohari zima likavunjika mbavu. Lakini kicheko kilipokwisha, Dakika Mbili hakukaa. Alisimama juu ya kreti akawauliza wenzake, mmoja mmoja, taa ya kulia inasema nini. Mmoja akasema pita. Mwingine akasema kaa. Wa tatu akasema inategemea imewaka mara ngapi. Kicheko kikafa chenyewe. Walitazamana, watu waliofanya kazi lango moja kwa miaka, na kila mmoja alikuwa anakumbuka mlima fulani, na mwenzao fulani.

Walikubaliana pale pale: taa ni ya anayekata kona, basi. Hakuna tena kumruhusu mtu apite kwa macho ya mwingine. Lori zito likiona foleni nyuma yake, litafute uwanja, liingie, lisimame. Na utingo akisema acha, dereva anaacha kwanza, anabisha baadaye. Dakika Mbili na Mjomba walipeleka neno hilo ng'ambo, kwa watu wa mbao, nao wakalipokea kwa mikono miwili. Dereva yule mwenye tumbo ndiye aliyewapigia simu wenye mafuta na wenye saruji. Wenyeji wa mlimani wakaja na majembe wakapanua viwanja vya kupishania, jasho lao wenyewe, hakuna aliyewatuma. Washukuriwe kwa majina yao yote. Baraza la mji liliahidi vibao na mstari mweupe mlimani tangu mwaka wa mafuriko, likapiga picha, likala chakula, likaondoka. Hilo nalo halikusahaulika.

Mjomba siku hizi hufunga mkanda. Mama mkwe alirudi kumwona mjukuu, kwa basi, na dereva alikuwa yule yule aliyesimamia breki. Alimsalimia kwa kumwita mwanangu.

Huo ni mlima mmoja. Wewe una wako, unaujua, na unajua kona yake. Wako madereva chini yake sasa hivi wanaopeana ruhusa ya kufa kwa nia njema. Inuka. Nenda kwenye stendi yenu, kwenye bohari, kwenye geti la kiwanda, uwaulize kwa sauti, wote wakiwa pamoja, taa ya kulia inasema nini. Usiondoke mpaka wamekuwa na jibu moja. Kisha chukua jembe, na umfuate mjumbe wako wa baraza hadi mlangoni umuulize kibao kiko wapi. Nenda leo, magari hayajaanza kupanda.